Mgeni na Jembe Lake

Kila mara jeshi jipya linapotangazwa katika michezo ya vita ya sanamu ndogo, kilio kimoja hupigwa. Husemwa kwamba jeshi hilo si la ulimwengu ule. Kwamba umbo lake ni la ajabu mno. Kwamba walioliunda wameishiwa na fikira au wameshikwa na tamaa. Na kwamba mchezo uliokuwa mzuri jana umeharibika leo. Kilio hiki kilipigwa mwaka 2001 walipoingia Tau, watu wa nyota za mbali wenye silaha za kung'aa. Kikapigwa mwaka 2017 walipoingia Kharadron Overlords, vibete wa hadithi za Ulaya waliouacha mlima na kupanda merikebu za angani. Kikapigwa tena mwaka 2018 walipoingia Idoneth Deepkin, watu wa vilindini wanaopanda papa na mikunga waogeleao hewani. Aghalabu wapigao kilio ni watu wenye elimu ya mchezo na mapenzi nao, na kwa sababu hiyo wastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa dhihaka. Lakini kujibiwa ni lazima, maana chini ya kilio hicho limefichwa swali kubwa kuliko mchezo: nani ana haki ya kuwa mtu katika ulimwengu uliobuniwa, na nani ataachwa humo awe mnyama au maiti.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu wawili hukabiliana penye meza, ambayo kwa desturi huwa na futi 6 kwa 4, imepambwa kwa vilima, misitu na magofu. Kila mmoja ana jeshi la sanamu alizozinunua vipande vipande, akaziunga kwa gundi na kuzipaka rangi kwa brashi nyembamba, kazi iwezayo kuchukua miezi au miaka. Mwendo wa askari hupimwa kwa inchi, na bahati ya pigo huamuliwa kwa dadu. Kila jeshi lina kitabu chake, na katika kitabu hicho mna mambo mawili: tarehe ya watu hao, na sheria zao vitani. Mchezo mashuhuri kupita yote ya namna hii ni Warhammer, wa kampuni ya Games Workshop iliyoanzishwa London mwaka 1975, na ambayo sasa ina makao yake Nottingham, Uingereza. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1983, kazi ya Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley. Mwaka 1987 likafuata tawi lake la nyota na anga, Warhammer 40,000. Katika matawi haya mawili ndimo mzozo ulimowaka zaidi, na humo ndimo ufaamo kupimwa.

Hoja ya kwanza ya walinzi wa mlango ni hoja ya asili. Wasema kwamba ulimwengu wa mchezo una mila yake, na kwamba jeshi lisilotokana na mila hiyo ni uzushi. Hoja hii ina sauti nzuri, lakini haisimami mbele ya tarehe. Mchezo wa vita wa kisasa ulianza kuwa somo la maofisa. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, ofisa wa Prussia, alitoa kanuni za vita vya mezani, na wakubwa wa jeshi lake wakazikubali ziwe chombo cha mafunzo. Hapakuwamo mchawi wala joka. Mwaka 1913 H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, akawafundisha raia kupigana sakafuni kwa askari wa bati na mizinga ya kuchezea. Hapakuwamo mchawi wala joka. Ni mwaka 1971 tu ambapo Gary Gygax na Jeff Perren, Wamarekani wawili, walipotoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, wakazitia nyongeza mwishoni: wachawi, majoka, na viumbe wa hadithi. Hadithi za J. R. R. Tolkien, zilizotoka mwaka 1954 na 1955, zilikuwa zimekwisha washa moto katika mioyo ya wasomaji, na moto huo ukaingia mezani.

Kwa hiyo tawi lote la michezo ya vita ya kubuni lilizaliwa kwa tendo lile lile ambalo walinzi wanalilaani: mtu mmoja alifungua kitabu cha sheria kilichokwisha kamilika, akaongeza jeshi lisilostahili kuwamo. Mpenzi wa vita vya zama za kati aliyeikataa nyongeza ile alikuwa na hoja zote za asili mkononi mwake, tena zenye nguvu kuliko za leo, maana yeye alikuwa na historia ya kweli nyuma yake. Kama angalishinda, pasingalikuwapo Warhammer, wala pasingalikuwapo walinzi wa mila ya Warhammer. Mtu aliyeingia nyumbani kwa dirisha hana uso wa kuulinda mlango.

Wala si mwanzo tu. Mambo yahesabiwayo leo kuwa uti wa mgongo wa mchezo yaliingia yakiwa ya ajabu. Skaven, panya wasimamao kwa miguu miwili, waishio chini ya miji ya watu na kutengeneza bunduki na mashine za sumu, hawakutoka katika Tolkien wala katika ngano za Ulaya kwa sura hiyo. Waliingia katika miaka ya 1980 wakiwa kichekesho cha kutisha. Leo mtu akisema kwamba Warhammer ingefaa bila ya Skaven, walinzi wale wale watamzomea. Desturi, basi, haikuwa sababu ya Skaven kukubaliwa. Skaven walikubaliwa kwanza, desturi ikaja baadaye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila kuku wa boma hili aliwahi kuwa na kamba.

Hoja ya pili ni hoja ya usawa. Husemwa kwamba kila jeshi jipya huvuruga mizani, maana sheria zake hazikupimwa na majeshi yote ya kwanza, na mwenye jeshi la zamani hupata hasara. Hii ni hoja ya kweli kuliko ile ya kwanza, na yafaa ipimwe kwa mfano ulio karibu. Katika bao la Kiswahili wachezaji wawili hukalia mashimo 32 na kete 64, kila mmoja nusu yake. Kete ya huyu haina nguvu kuliko kete ya yule. Tofauti yote imo vichwani. Lau mtu angalileta kete yenye uwezo wa kuruka shimo, angaliuvunja mchezo, na wazee wangalikuwa na haki kumfukuza barazani. Lakini mchezo wa sanamu haukujengwa juu ya msingi huo. Humo kutolingana ndiko chakula chenyewe. Mtu huchagua jeshi dogo la majitu au jeshi kubwa la wanyonge, na utamu wa vita ni kuona namna ya udhaifu wa huyu kupambana na nguvu za yule. Anayedai usawa wa bao katika mchezo huu adai chumvi katika chai.

Hata hivyo hoja ya usawa ina mbegu ya haki ndani yake, nayo ndiyo ifaayo kuwa kipimo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe, wala hawakusema mgeni alishwe milele kwa sababu ya uzuri wa kilemba chake. Walisema apewe kazi. Jeshi jipya nalo lahukumiwa kwa jembe lake: je, lamlazimisha mchezaji kufikiri kwa namna asiyowahi kufikiri, au lamwonyesha nguo mpya tu?

Mifano ya majembe mema si michache. Lizardmen, watu wa mijusi, walipokuja katika toleo la tano la mwaka 1996, walikuja na sheria ya damu baridi. Majeshi mengine yakijaribiwa ushujaa hutupa dadu mbili. Wao hutupa tatu na kuitupilia mbali iliyo kubwa, hivyo huwa wagumu kutishika. Mijusi hii ikawa polepole na thabiti kama maumbile yake, na adui akalazimika kuacha mbinu ya kutia hofu. Tomb Kings, wafalme wa makaburi ya jangwani waliopata kitabu chao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakimbii vitani kabisa. Lakini kuhani wao mkuu akiuawa, jeshi zima huanza kuporomoka kuwa vumbi. Mchezaji wao humlinda mtu mmoja kama mlinzi wa taa penye upepo. Skaven huwa na ushujaa kwa wingi wao na woga kwa uchache wao, na silaha zao zaweza kulipuka mikononi mwao. Mchezaji wao hujifunza kupanga mambo huku akijua kwamba mipango itamsaliti. Tau nao, waliolaumiwa kwa mng'ao wao, hupiga shabaha kwa mbali lakini ni dhaifu mno adui awafikiapo kwa mkono; meza yote hugeuka kuwa swali la umbali. Kila mmoja wa wageni hawa alilima.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wageni wasiolima hawapigiwi kilio. Katika Warhammer 40,000 wako Space Marines, askari wakubwa wenye deraya nzito, ambao sanamu zao zimejaa katika rafu za maduka kuliko za jeshi jingine lolote. Hao wamegawanywa katika vikosi, na baadhi ya vikosi hivyo vimepata vitabu vyao mara kwa mara: Blood Angels kwa rangi nyekundu, Dark Angels kwa kijani, Space Wolves kwa kijivu. Hapana budi kukubali kwamba kila kikosi kina sheria zake kidogo na mashujaa wake. Lakini mwili ni ule ule, bunduki ni ile ile, na swali wanalomwuliza adui ni karibu na lile lile. Kama walinzi wangalikuwa na uchungu wa kweli juu ya wingi wa vitabu na mizani kuvurugika, hapa ndipo wangaliapaza sauti kwanza. Hawapazi. Ndugu wa tano wa jamaa ile ile hukaribishwa kwa vigelegele. Mgeni wa kwanza wa kabila jingine huulizwa barua ya ruhusa. Basi si wingi unaowakera, bali ugeni. Na kuuita ugeni kwa jina la usawa si uaminifu wa fikira.

Kosa la tatu la walinzi ni kumlaumu asiye na hatia. Wao hushikilia kwamba majeshi ya ajabu huwaletea wachezaji huzuni, kwa kuwa huja na kutoweka kama upepo wa kusi. Huzuni hiyo ni ya kweli, na yafaa itajwe kwa majina na miaka. Warhammer 40,000 ilipotoka mwaka 1987 walikuwamo Squats, vibete wa angani, na watu wakanunua sanamu zao wakazipaka rangi. Katika miaka ya 1990 waliachwa, na kwa miaka mingi mwenye jeshi la Squats alikuwa na askari wasio na sheria. Walirudi mwaka 2022 kwa jina la Leagues of Votann. Chaos Dwarfs, vibete waovu wenye ndevu za mikunjo na kofia ndefu, ambao sura yao imechotwa katika michoro ya Ashuru na Babeli, walipata kitabu chao mwaka 1994. Baadaye matoleo makuu ya mchezo yakapita moja baada ya jingine bila ya kuwapa kingine, hata ikafika mwaka 2025 ndipo waliporudi na jeshi kamili kwa jina la Helsmiths of Hashut. Mwaka 2015 ulimwengu wote wa kale wa Warhammer ulifungwa na kupisha Age of Sigmar, na muda si mrefu Tomb Kings na mashujaa wa Bretonnia wakaondolewa madukani. Walirudi mwezi Januari 2024 katika mchezo uitwao The Old World.

Lakini tazama orodha hiyo vizuri. Bretonnia si wa ajabu hata kidogo: ni wapanda farasi wa Ufaransa ya kale na wa ngano za Mfalme Arthur. Nao waliachwa vile vile. Kwa hiyo ugeni haukuwa sababu ya kuachwa. Sababu ilikuwa kwamba mwenye mchezo alikaribisha watu bila ya kunuia kukaa nao, kisha akawatoa nje walipomchosha au walipopungua wanunuzi. Aliyeumia si kampuni. Ni mtu aliyekesha usiku mwingi akipaka rangi ngao mia, akaamka asubuhi akaambiwa kwamba watu wake hawapo tena. Na walioyahifadhi majeshi yale yaliyotupwa ni wachezaji wenyewe: walijitungia sheria, wakazijaribu, wakazirekebisha, wakaendelea kucheza kwa miaka. Hivyo yaliyoitwa ya ajabu na yasiyo na mizizi yalionekana kuwa na mizizi mirefu kuliko uvumilivu wa wauzaji. Hasira ya walinzi ingalikuwa halali kama ingalielekezwa kwa mwenye nyumba avunjaye ahadi. Kuielekeza kwa mgeni ni kumpiga mtoto kwa deni la baba.

Sasa lifike swali kubwa lililotajwa mwanzoni. Ulimwengu wa kale wa Warhammer umechorwa juu ya ramani ya dunia hii. Msomaji yeyote wa jiografia aweza kuona mahali pa kila bara kwa kulitupia jicho mara moja. Penye Ulaya wapo watu walio hai: The Empire ni Ujerumani ya karne ya 16 na askari wake wa mikuki na baruti, Bretonnia ni Ufaransa, Kislev yafanana na Urusi na Polandi. Penye Amerika ya Kusini ipo Lustria, na mahekalu ya ngazi kama yale ya Wamaya na Waazteki yamejengwa na mijusi. Penye Misri ipo Nehekhara, na wakazi wake ni mifupa na maiti. Penye nchi za Waarabu ipo Araby, ambayo watu wake walipata jeshi lao katika mchezo mdogo uitwao Warmaster, wa sanamu za milimita 10. Penye Uchina ipo Cathay, iliyokaa ramani miaka mingi ikiwa jina tu. Ilipata umbo kwanza katika mchezo wa kompyuta wa mwaka 2022, Total War: Warhammer III, kisha sanamu zake zikatoka mwaka 2025. Na penye Afrika ipo nchi iitwayo Southlands. Huko mna misitu, na ndani ya misitu mna mji wa Zlatlan, na mji huo nao ni wa mijusi.

Tangu toleo la nne la mwaka 1992, lilipoanza desturi ya kila jeshi kuwa na kitabu chake, hata toleo la nane la mwaka 2010, hakikutoka kitabu hata kimoja cha jeshi la watu wa Southlands. Si kwamba watu weusi hawakupata kufinyangwa kabisa. Katika miaka ya 1980 ziliuzwa sanamu za mbilikimo wa msituni, zenye midomo na macho ya kejeli, kama zile picha ambazo Wazungu wa zama za ukoloni walizichora kwa kucheka. Ziliachwa, na hapana aliye na haki ya kuzililia. Lakini baada ya kuiondoa dhihaka, hakuna kilichowekwa mahali pake; pengo liliachwa wazi, likaitwa mila.

Katika pengo hilo ndipo hoja ya asili inapofunua uso wake. Wapo wasemao kwamba jeshi la watu weusi lingeonekana la ajabu katika ulimwengu ule, kwamba halikubaliani na hali yake, kwamba lingekuwa siasa iliyosukumizwa mezani. Maneno hayo husemwa katika ulimwengu wenye panya wapigao bunduki, mifupa ipigayo makasia, na vibete wasafirio kwa mitungi ya hewa. Panya mwenye bunduki amekuwa desturi. Mtu mweusi mwenye upinde amekuwa muujiza. Hapo hapahitajiki hoja ya kumjibu msemaji, ila kumrudishia maneno yake ayasikie. Na kwa haki, yafaa isemwe kwamba kampuni yenyewe haikusimama upande wake: mwezi Juni 2020 ilitangaza hadharani kwamba ubaguzi hauna nafasi katika mchezo wake na kwamba itaendelea kuongeza aina za watu wanaoonyeshwa humo. Tangazo ni neno. Jeshi ni kitendo. Kati ya hayo mawili pana safari.

Lakini mtetezi wa majeshi mapya atakuwa adui wa hoja yake mwenyewe akiridhika na lolote. Hatari ya pili ipo, nayo ni mbaya karibu sawa na ya kwanza: kwamba Afrika itaingia mezani ikiwa nguo tu, ngozi ya chui na ngao ya rangi mbili, juu ya mwili na sheria za jeshi jingine. Huyo atakuwa mgeni bila ya jembe. Atasifiwa siku mbili, na siku ya tatu walinzi watasema, kwa haki safari hii, kwamba hakuleta neno. Na majembe hayakukosekana katika historia. Mwaka 652 wapiga upinde wa Nubia waliwazuia Waarabu penye Dongola, wakajipatia sifa ya kulenga macho ya adui, na vita vikaisha kwa mapatano yaliyodumu karne nyingi. Jeshi la aina hiyo lingeuliza swali jipya mezani: lishinde kwa kulazimisha suluhu, si kwa kumaliza watu. Askari wanawake wa Dahomey walipigana na Wafaransa mwaka 1890 na tena baada yake, na nidhamu yao ilishuhudiwa na maadui wenyewe.

Na wapo Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879, penye Isandlwana, walilivunja jeshi la Waingereza lenye bunduki kwa mpango wa pembe za ng'ombe: kifua humshika adui mbele, pembe mbili humzunguka mbavuni, na kiuno hukaa nyuma kikingoja. Husimuliwa kwamba askari wa kiuno walikalishwa wakivipa vita kisogo, ili damu isiwachemke kabla ya wakati wao. Mtunga sheria mwenye akili ataona hapo sheria nzima imekwisha andikwa. Kikosi kisichoruhusiwa kutazama. Nguvu inayoongezeka kadiri inavyongoja. Mchezaji anayejaribiwa kila zamu aite mapema akaharibu, au avumilie akashinda. Hakuna jeshi linalouliza swali hilo kwa ukamilifu wake huo. Ugeni wake hautakuwa katika ngozi ya sanamu, utakuwa katika moyo wa mchezo, na hapo ndipo ugeni unapokuwa zawadi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Atauliza mtu: kama kila mlango wafunguliwa, si ulimwengu utakuwa soko la vurugu, kila kitu kimo na hakuna kilicho na maana? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni masharti matatu. Sharti la kwanza ni jembe, nalo limekwisha elezwa. La pili ni makao: watu wapya wawe na mahali katika ramani, jirani wa kufanya nao biashara, adui wa zamani, na sababu ya kuwa walivyo, wasidondoke kutoka mawinguni. Southlands ina mahali, ina majirani, ina bahari. La tatu ni kudumu: atakayewaita awe tayari kuwalisha mwaka wa kumi kama mwaka wa kwanza, au asiwaite. Jeshi lililotimiza masharti haya matatu halitavuruga ulimwengu hata lingekuwa na sura ya namna gani. Lililokosa litavuruga, hata likiwa la wapanda farasi wenye mikuki kama wa kale.

Neno la mwisho ni juu ya nani atakayeandika. Imekuwa desturi kungoja Nottingham. Wachezaji waliowahifadhi Squats na Chaos Dwarfs kwa miaka yote ile hawakungoja. Walishika kalamu wakatunga sheria, wakazijaribu meza kwa meza mpaka zikanyooka. Siku hizi zipo mashine za kuchapa maumbo, ambazo hutoa sanamu nyumbani kwa mtu bila ya kiwanda, na aliye na ufundi wa kuchonga aweza kumtengeneza askari asiyekuwamo katika duka lolote. Basi mwanachuo aijuaye tarehe ya Nubia, au ya pwani na mitepe yake iliyoshonwa kwa kamba bila ya msumari, au ya Isandlwana, ana mkononi kile ambacho mtunga sheria wa Nottingham hana. Akikitumia vibaya, akaandika sifa tupu na jeshi lisiloshindika, atakuwa amewapa walinzi ushindi. Akikitumia vyema, akawapa watu wake woga wao pamoja na ushujaa wao, na udhaifu wao pamoja na nguvu zao, kitabu chake kitachezwa na watu wasioijua Afrika wala kuijali, kwa sababu tu ni kizuri kukicheza.

Walinzi watapiga kilio siku hiyo pia. Waachwe wapige. Walipigiwa Skaven, na Skaven wangali mezani.